Salamu Zilizotunzwa Labeka

Safari yenyewe siisimulii. Barabara mnazijua, vumbi mnalijua, na askari wa mpakani ni wale wale. Naanzia pale nilipoanza kukasirika, yaani mlangoni kwa mwenyeji wangu, siku niliyoingia nchi ya Labeka, sanduku la vifaa begani na njaa tumboni.

Mimi ni fundi wa kike, kwetu Muheza. Kazi yangu ni kufungua vitu vya watu: feni zinazojiwasha zenyewe, makufuli yanayofunguliwa kwa simu, taa zinazobadili rangi ukiziagiza, na vile visanduku vya mtandao vinavyoviunganisha vyote. Wapo mafundi wanaoridhika kifaa kikifanya kazi. Mimi siridhiki mpaka nijue vinaambiana nini. Nikiingia nyumba yenye vitu vya namna hiyo lazima nitege sikio kwenye mtandao wake, nisikie swichi inaiambia nini taa, na taa inajibu nini. Marehemu mama aliita tabia hiyo umbea, na sikuwahi kumbishia. Nilipoambiwa kuna nchi ambayo kila kitu cha nyumbani kinasema, nilifunga mzigo.

Basi nikapiga hodi. Nikasikia ndara zinakuja, zikasimama nyuma ya mlango.

"Unanisikia?" sauti ya kike ikauliza.

"Nakusikia. Fungua basi."

Mlango haukufunguka. Kisha tena, kwa upole ule ule: "Unanisikia?"

Jirani aliyekuwa anafagia uwanja akanihurumia. Akanieleza kwamba Labeka mtu akikuuliza kama unamsikia, unamwambia unamsikia na wewe unamuuliza kama anakusikia, naye anakwambia anakusikia. Hapo ndipo maneno yanaanza. Kabla ya hapo hakuna aliyesema kitu, hata kama mmepiga kelele mpaka mmekauka koo. Nikafanya kama nilivyoelekezwa, nikidhani sasa mlango utafunguka. Wapi! Kufuli lilikuwa bado linauliza Mnarani kama ruhusa ipo.

"Lakini wewe uko ndani," nikamwambia yule mama. "Si uvute tu?"

"Nivute kabla kufuli halijaambiwa?" Akacheka kwa aibu, kama mtu aliyesikia neno la matusi. "Subiri, mdogo wangu. Leo Mnara una kazi nyingi."

Huyo ndiye Mwanamvua, mwenye nyumba niliyopanga chumba. Mwanamke mrefu, mkubwa kwangu kwa umri, mchangamfu, mpishi hodari wa maandazi ya iliki. Nilimpenda siku ile ile mlango ulipofunguka hatimaye na harufu ya chai ikanipiga usoni.

Sheria kubwa za Labeka ni mbili, na zote nilizijua kwa kuumia. Ya kwanza ni hiyo: jambo lisiloitikiwa halikutokea. Mbele ya macho yangu mtu aliumwa na nyuki sokoni akapiga ukelele. Watu wote walikuwa na shughuli zao, hakuna aliyemwitikia. Alipofika zahanati na jicho limevimba akaambiwa hajaumwa, arudi sokoni akapige ukelele upya, safari hii aangalie kwanza nani ana nafasi.

Ya pili ni kwamba vitu viwili vya nyumba moja haviruhusiwi kuzungumza vyenyewe. Swichi ya jikoni iko ukutani, taa iko juu yake, unaweza kuzigusa zote mbili bila kunyanyua mguu. Ukibonyeza swichi, neno linatoka hapo, linapita kwenye kisanduku cha mtandao, linapanda mpaka Mnara ulioko mlimani mji mkuu, linasikilizwa, linaitikiwa, ndipo linateremka mpaka kwenye taa. Mvua ikinyesha Mnara huwa mzito, na Mwanamvua alikuwa akibonyeza swichi ya birika kisha anakwenda kuoga. Akirudi ndiyo kwanza birika linaanza kuguna.

Nilihudhuria Baraza lao siku waliyojadili hoja ya mjumbe mmoja, kwamba taa na swichi zinazoonana ana kwa ana ziruhusiwe kuambizana moja kwa moja. Loo, ukumbi uliwaka. Mjumbe mnene mwenye kofia ya manyoya akasimama akasema huo ni mwanzo wa fitina. "Leo swichi na taa. Kesho friji na birika watataka faragha. Kitu kinachosema bila shahidi kitasema nini, jamani, kama si kutusengenya?" Watu wakapiga meza. Mwenye hoja akajibu kwa dakika nyingi na kwa akili nyingi, ila kipaza sauti chake kilikuwa hakijapata itikio kutoka Mnarani, kwa hiyo ikaandikwa kwamba hakusema. Hoja ikaahirishwa kwa kukosa mtetezi, naye bado amesimama pale anatetea.

Nilimwambia Mwanamvua jioni hiyo kwamba kwa waya mdogo tu na robo saa ya kazi naweza kuifanya taa yake ya jikoni isikie swichi yake yenyewe. Akanitazama kwa huruma.

"Na itamshukuru nani?" akaniuliza.

Nikala andazi.

Lakini kitu kilichonikalia vibaya kuliko vyote ni mazishi. Alhamisi moja Mwanamvua alijitanda kanga akaniambia twende msibani kwa jirani. Nikajitanda na mimi. Tukafika, tukakaa mkekani, watu wananong'ona, wengine macho mekundu, na katikati ya sebule, juu ya shuka nyeupe, limelazwa friji. Waya wake umechomekwa ukutani. Linanguruma.

"Linafanya kazi," nikamnong'oneza.

"Ndiyo ubaya wake," akasema, akapangusa jicho.

Msomaji wa hukumu alikuwa Bwana Mwinshehe wa Ofisi ya Itifaki, mtu mwembamba mwenye suti iliyomshinda mabega. Akasimama mbele ya friji akaliuliza kama linamsikia. Taa ndogo ya mlangoni ikapepesa. Akalitangazia kwamba waliolitengeneza wameacha kulijali, hawataliletea tena mafunzo mapya, na kitu kisichojaliwa na aliyekitengeneza ni maiti kuanzia leo. Taa ikapepesa tena, maskini, kwa adabu zote. Watu wakaangua kilio. Kisha kwa sababu siku ile joto lilikuwa kali tukagawiwa maji ya kunywa, ya baridi, yenye barafu, yametoka humo humo kwa marehemu. Nilikunywa. Yalikuwa matamu, na niliona haya kwa kila funda. Walilichomoa na kulipeleka makaburini likiwa bado na vitu vya watu ndani.

Tukarudi nyumbani, mimi na Mwanamvua. Mlangoni, wakati kufuli linaulizia, akaniambia: "Wiki ijayo ni zamu yangu."

"Friji?"

"Taa ya Mbaruku."

Nilikuwa nimeiona taa hiyo, ndogo, ya mviringo, imekaa peke yake kwenye kimeza cha sebuleni juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kila alasiri iliwaka rangi ya asali, ikakaa kidogo, ikafifia. Na kila alasiri, hata awe na nini mkononi, Mwanamvua alikuwa amekwisha kukaa mbele yake. Nilidhani ni ibada yao fulani, sikuuliza.

Mbaruku ni mumewe. Alikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya chumvi, ng'ambo, mbali kiasi kwamba hata Labeka wanaosemesha birika hawasemezani na watu wa huko. Sheria inampa kila anayevuka mpaka kifaa kimoja tu cha kumuunganisha na nyumbani. Wengi huchukua simu. Mwanamvua alikataa.

"Mbaruku akianza maneno hamalizi," aliniambia, na uso wake ukawa wa msichana. "Nikamwambia, chukua taa. Moja yako, moja yangu. Ukinikumbuka, iguse, yangu itawaka. Asali ndiyo rangi yake, kwa sababu ya macho yake. Mimi kijani. Siku ya kwanza alipofika akagusa, nikagusa. Nililia siku hiyo! Basi tangu hapo, mdogo wangu, hajakosa hata siku moja. Wala hachelewi. Na alivyokuwa mchelewaji mtu huyu! Siku ya harusi yetu alichelewa mpaka sheikh akataka kuondoka. Ng'ambo imemnyoosha."

Akanishika mkono. "Wewe ni fundi. Ukiniambia huwezi nitakuelewa. Lakini wakiizika, nitajuaje kama bado ananikumbuka?"

Waliotengeneza taa ile nao walikuwa wameacha kuijali. Nikamwambia lete, nitafute namna ya kuiokoa.

Niliifungua asubuhi, pale pale kwenye kitambaa chake, akiwa amesimama juu ya kichwa changu kama mama aliyempeleka mtoto kuchomwa sindano. Ndani haikuwa na ajabu. Kazi ilikuwa kusikiliza. Nikaunganisha kompyuta yangu ndogo kwenye kisanduku cha mtandao, nikatega sikio kama kawaida yangu, nikangoja alasiri.

Niwaeleze hapa kitu kimoja, halafu nitaacha ufundi. Mnara wa Labeka unafanya kazi kama mwenye duka la mtaani ambaye majirani humwachia maagizo. Mbaruku akigusa taa yake, hasemi na mkewe. Anasema na mwenye duka: mwambie Mwanamvua nimemkumbuka. Mwenye duka anapeleka. Lakini agizo likiwekewa alama ya kutunzwa, mwenye duka halitupi baada ya kulipeleka. Analiweka mfukoni, na kila mara Mwanamvua akipita dukani analisoma upya, neno kwa neno, kana kwamba Mbaruku ameondoka sasa hivi. Na kila alasiri Mnara huwafukuza wateja wote mlangoni kwa muda mfupi ili ufagie, kisha unawaita warudi.

Nilisikiliza alasiri ile. Taa ikafukuzwa, ikarudi, ikakaribishwa, ikapewa salamu yake. Rangi ya asali ikajaa sebule. Mwanamvua akatabasamu akanong'ona, lakini nilimsikia: "Labeka, mume wangu." Na mimi kwenye kompyuta naona alama ya kutunzwa imekaa pembeni ya salamu ile, ndogo kabisa. Salamu haikutoka ng'ambo, ilitoka mfukoni mwa Mnara.

Nikamwambia sijamaliza. Siku ya pili yake nikapanda mlima.

Mtunza Salamu Mkuu aliitwa Bi Nunuu, bibi mdogo wa umbo, miwani imefungwa uzi, anatafuna karafuu. Nilimpa shikamoo, akasema marahaba, kisha akangoja nithibitishe kwamba marahaba imenifikia. Nikathibitisha. Nikamuuliza bila kuzunguka: Mbaruku wa machimbo ya chumvi amegusa taa yake kweli kweli lini mara ya mwisho?

"Hatujui," akasema.

"Hamjui vipi nanyi ndio mnaoipeleka?"

"Mnara unajua neno la mwisho lililosemwa, mwanangu. Haujui lini, wala haujui kama msemaji bado yupo."

"Na kama anagusa mpaka leo?"

"Salamu yake ya leo itafanana na ile tuliyo nayo. Tukiona inafanana tunamwambia tayari tunayo, asante. Tuipeleke ya nini tena?"

Damu ilinipanda. Nilisema maneno mengi, siyarudii. Nikamwambia mnamdanganya mwanamke wa watu, anaisubiri kila siku kama mtu anasubiri ugeni, na nyinyi mnampa jana. Bi Nunuu aliniacha nimalize. Akatoa miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Wewe hukuwepo zamani," akasema. "Taa zilikuwa zikizima. Mtu wa ng'ambo anachoka, anaumwa, analala, anasahau siku moja. Huku chini wanawake walikuwa wakipanda mlima huu na watoto mgongoni, wanalia wanatuuliza: mbona hajagusa? Kila siku. Mmoja wetu akashindwa kuvumilia, akairudia salamu ya jana. Mara moja tu, kumtuliza mama mmoja. Yule mama akashuka mlima anaimba." Akavaa miwani. "Hatukumdanganya mtu. Tulimwonea huruma."

Huruma hiyo ndiyo iliyozidi kuniudhi. Nikauliza salamu zilizotunzwa zinafutwaje.

"Mwenye taa, wa upande wowote, anatuma salamu tupu yenye alama ya kutunzwa. Salamu isiyo na kitu. Hiyo inakaa mahali pa ile ya zamani, na mfuko unakuwa mtupu. Kisha aombe za mbele zisitunzwe. Ni haki ya kila mtu." Akatafuna karafuu yake. "Hajawahi kuja mtu kuomba."

Nilishuka ule mlima natamani nipotee njia. Nisipomwambia, wiki ijayo wataizika taa na yeye ataomboleza kitu ambacho hakikuwepo. Nikimwambia, namwua mimi.

Nilimwambia. Alikuwa anachambua mchele. Mikono yake haikusimama, iliendelea kutoa chuya na kuziweka pembeni, moja moja, nami naeleza, na sauti yangu naisikia inavyozidi kuwa ndogo.

"Nani alikutuma ukapekue?" akasema nilipomaliza.

"Wewe, dada."

"Nilikwambia uitengeneze. Sikukwambia uniambie!" Akasukuma ungo, mchele ukamwagika. Akaingia chumbani. Akataka kuvuta mlango wake, lakini ukaenda kuulizia Mnarani, kwa hiyo hata kuubamiza hakuweza. Nilimwona amekaa kitandani amenipa mgongo, mlango wazi, na hakuna kati yetu aliyejua aangalie wapi. Nilikusanya mchele wote, punje kwa punje. Nilijichukia.

Kesho yake hakunisemesha mpaka jua lilipopinda. Akaja akakaa mbele ya taa kama kawaida.

"Kwa hiyo hata yeye huko," akaanza polepole, "yangu anayoiona kila siku ni ile niliyogusa siku ya kwanza."

"Ndiyo."

"Sijagusa tena tangu siku hiyo, unajua? Niguse ya nini? Yake inawaka yenyewe, namwitikia moyoni, naondoka kuendelea na kazi." Akacheka, lakini hakikuwa kicheko. "Labda na yeye hivyo hivyo. Amekaa huko anaona kijani kila siku, anasema, mke wangu huyo, basi anajifunika analala."

"Labda."

"Au amekufa."

"Dada..."

"Au ana mke mwingine na taa ameifunika sufuria. Niseme yote, mdogo wangu, maana nimeyawaza usiku mzima." Akapangusa uso kwa kiganja. "Futa yake."

"Ukiifuta, alasiri hii haitawaka. Na huenda isiwake tena. Unalijua hilo?"

"Ikibaki, hata akigusa sitajua."

Nikakubali kwa kichwa.

"Basi futa. Na yangu futa."

"Yako? Taa yake itazima huko, dada. Atashtuka."

"Ashtuke," akasema Mwanamvua. "Nimeshtuka mimi."

Tulituma salamu tupu mbili, tukaomba na za mbele zisitunzwe, yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Mnara ukaitikia zote kwa adabu. Kisha ikafika ile saa ya kufagia, taa ikafukuzwa, ikarudi, ikakaribishwa. Ikakaa giza. Nimeona mengi katika kazi hii, sijawahi kuona kitu kinachofanya kazi barabara kikauma namna ile. Mwanamvua alijiziba mdomo kwa kanga akalia kwa sauti, na mimi nililia naye, sioni haya kusema. Alimlilia Mbaruku kwa majina, Mbaruku mchelewaji, Mbaruku wa maneno mengi, kwa nini nilikunyima simu. Kwa miaka yote ile Mwanamvua hakuwa amemkumbuka mumewe sawasawa. Taa ilikuwa imemkumbuka badala yake.

Na hapo hapo, hodi mlangoni. Bwana Mwinshehe na waombolezaji wake, wamekuja siku mbili mapema kwa sababu ratiba ilikuwa imejaa. Wakaingia, wakakaa, mmoja akaanza kulia kabla hajavua viatu. Bwana Mwinshehe akasimama mbele ya taa akainyoosha suti.

"Unanisikia?"

Taa kimya.

Akakohoa. "Unanisikia?" Akainama. Akauliza tena kwa sauti ya kubembeleza. Waombolezaji wakaacha kulia wakatazamana. Bwana Mwinshehe akanigeukia mimi, jasho limemtoka. "Imekuwaje hii? Ni mbovu?"

"Si mbovu," nikasema.

"Mbona haiwaki?"

Mwanamvua akajibu, macho yamevimba: "Inasubiri. Nimetuma salamu tupu."

Ikawa kazi. Wakasogea pembeni kushauriana, nami nikawasikia. Kitu kisichoitika hakijasikia hukumu. Kisichosikia hukumu hakijahukumiwa. Kisichohukumiwa hakizikwi. Lakini ikiachwa itaitwaje? Kwenye itifaki yao kuna kinachofanya kazi na kuna marehemu, hakuna kitu kinachosubiri. Mwishowe Bwana Mwinshehe akatangaza kwamba hukumu imeahirishwa mpaka taa itakapowaka, na itakapowaka aarifiwe. Waombolezaji wakanuna, maana kilio walichokwisha kutoa hakirudi.

Wakatoka. Yeye akabaki nyuma, anajifanya anafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Hiyo salamu tupu," akaniuliza chini kwa chini, "inatumwaje?"

Nilimwonyesha. Hakuniambia ni taa ya nani. Aliondoka anarudia maelekezo kwa midomo.

Tulipobaki wawili Mwanamvua alisogeza kiti. Akanyoosha mkono, akausimamisha hewani, akaurudisha akaufuta kwenye kanga kama unga ulikuwa umemshika. Kisha akaigusa taa. Kwangu kwenye kompyuta nikaiona salamu ya kijani inatoka, haina alama yoyote, inapanda mlima, inaitikiwa, ipelekwe ng'ambo kwenye chumvi. Safari hii ilikuwa ya siku hiyo hiyo.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika Mnarani. Zaidi ya hapo sioni."

"Basi nitagusa na kesho."

Niliondoka Labeka siku chache baadaye. Mpakani, kwa sheria ile ile ya Mbaruku, nikaambiwa nichague kifaa kimoja cha kuniunganisha na huko. Sikufikiri mara mbili. Nikachukua taa, nikaiandikisha kwa jina la salamu za nyumba ile, iwake kila mmoja wao akigusa: kijani yeye, asali mumewe. Nami nikapewa rangi yangu, nyeupe, nikigusa iwake kwake. Taa hizi hazina ulinzi wa maana, jambo ambalo fundi yeyote angeliona. Ningependa, ningeweza kutuma rangi yoyote ile.

Sasa iko hapa Muheza, kwenye meza yangu ya kazi, kati ya makopo ya skrubu. Kila alasiri kijani kinawaka. Mara mapema, mara kimechelewa, siku moja kiliwaka kikazima kikawaka tena haraka haraka, nikajua kuna mtu kamkatiza. Ni kidole cha mtu, hakifanani siku mbili. Nikikiona nasema, "Dada yangu huyo," na mwanangu anacheka ananiambia mama unaongea na balbu.

Asali haijawaka hata mara moja.

Na niwaambie ukweli. Kijani kikishafifia, ile nafasi inayobaki ni ngumu. Najua kule sebuleni amekaa mbele ya kitambaa chake, mikono mapajani, anatazama giza. Na kidole changu kiko hapa. Rangi ya asali naijua, namba zake nazijua kwa kichwa. Mara moja tu, kumtuliza, alale. Ashuke mlima anaimba. Hakuna ambaye angejua, wala Mnara wenyewe. Nampenda mwanamke yule, na kila siku namwelewa Bi Nunuu zaidi kuliko ninavyotaka kumwelewa.

Jana ilikuwa mbaya. Kijani kiliwaka kikakaa, hakikuondoka, alikuwa amekandamiza kidole hakitoi. Nilikwisha kuandika zile namba, bado kubonyeza. Nikaondoka mezani nikaenda nikanawa uso. Niliporudi bado kinawaka. Nikazifuta namba zote, nikagusa taa kwa kidole changu chenye maji.

Nyeupe. Ni mimi tu, dada. Siye unayemtaka, lakini nipo, na ni sasa hivi.

Kijani kikazima. Nikajua nimemvunja moyo, alikuwa ametegemea rangi nyingine. Kisha kikawaka tena, kifupi, na tena, kifupi, naye akangoja nimjibu.